Bahasha ya kaki na mtoto wa kilo 33: kisa cha bakteria wa tumboni

Alikuja Jumatatu asubuhi, siku ambayo foleni ya kliniki huwa imefika nje kwenye mabenchi, akakaa na bahasha kubwa ya kaki mapajani na mtoto pembeni yake anamalizia pakti ya biskuti. Mtoto wa kiume, miaka saba na mwezi mmoja. Nikamwelekeza kwenye mzani, mama akanizuia, akasema daktari uzito wake naujua, mi nimekuja unisomee hii. (Mimi sio daktari, ni afisa lishe, ila Dar ukivaa koti jeupe we ni daktari tu, nilishachoka kurekebisha watu.)

Kisa hiki mama mwenyewe karidhia nikiandike, nimetoa vitu ambavyo vingemfanya mtu amjue.

Ndani ya bahasha kulikuwa na ripoti ya kurasa kumi na moja, karatasi za kung'aa, imetoka maabara ya nje ya nchi kupitia mtu anayeuza vidonge kwenye magrupu ya WhatsApp. Walichukua choo cha mtoto kwenye kikopo, kikasafirishwa, baada ya wiki kadhaa ikarudi ripoti yenye mduara wa rangi kama keki iliyokatwa vipande. Kipande kikubwa chekundu kimeandikwa firmikutesi, cha bluu kidogo kimeandikwa bakteroidetesi, hayo ni makundi mawili makubwa ya bakteria wa utumboni, halafu chini kwa herufi nyekundu: bifidobakteria CHINI, yaani kundi lingine la bakteria eti ni wachache mno. Muuzaji akatafsiri kwa sauti ya dakika nne ambayo mama alinisikilizisha pale pale, kwamba dada yangu mwanao hanenepi kwa kula, ananenepa kwa sababu bakteria wanene wamewazidi bakteria wembamba, kwa hiyo anahitaji dozi ya miezi mitatu. Kipimo na dozi ya kwanza vilishamtoka laki tisa na nusu. Dozi ya pili ndo alikuwa anataka ushauri kama anunue.

Sasa tatizo la huyu muuzaji ni kwamba hakudanganya kila kitu. Angekuwa muongo mia kwa mia kazi yangu ingekuwa rahisi, ningesema tupa na tungeendelea. Nusu ya maneno yake ina ukweli, na hiyo nusu ndo inauza ile nusu nyingine.

Tulimpima kwanza. Kilo 33, urefu sentimita 124. Ukigawa uzito kwa urefu wa mita mara urefu tena unapata 21.5. Kwa mtu mzima hiyo namba ni nzuri kabisa, hapo ndo wazazi wengi huchanganyikiwa, lakini mtoto hatumsomi kwa kipimo cha mtu mzima, tunamsoma kwenye chati ya umri wake, na kwa mvulana wa miaka saba mstari wa unene uliopitiliza unapita karibu na 19. Huyu ameshauvuka. Urefu wake ulikuwa mzuri, na hili ni jambo la kuangalia, maana mtoto anayenenepa kwa matatizo ya homoni mara nyingi anadumaa urefu, mtoto anayenenepa kwa chakula huwa anarefuka vizuri tu, wakati mwingine kuliko wenzake.

Halafu nikamwomba ainamishe kichwa. Nyuma ya shingo kulikuwa na weusi, ngozi imekuwa nene na laini kama kitambaa cha mahameli, na pembeni yake michubuko. Mama akaona aibu akasema huo uchafu nimeusugua na dodoki mpaka analia lakini hautoki. Sio uchafu. Ni ngozi inayoitika insulini (homoni ya kushusha sukari) ikiwa nyingi kwenye damu, maana mwili umeanza kuwa mzito kuisikia kwa hiyo kongosho inazidi kuimwaga. Kurasa zote kumi na moja za rangi hazikuwa na taarifa yenye uzito kama ile shingo, na shingo kuiangalia ni bure. Nikampeleka kwa daktari (wa kweli) akapimwa sukari, ilikuwa bado iko sawa, tukashukuru, ila dodoki tukalipiga marufuku siku ile ile.

Baada ya hapo nikavuta kiti tukaanza historia. Alizaliwa kwa operesheni. Alinyonya maziwa ya mama pekee kama miezi miwili na nusu, likizo ya uzazi ya siku 84 ikaisha, mama akarudi kazini, kukamua kazini hakuna pa kukamulia, yakaingia maziwa ya kopo. Kabla hajafikisha miaka miwili alishakunywa antibayotiki ya maji mara sita hivi, kwa hesabu ya kadi na kumbukumbu ya mama. Na hapa nataka nikae kidogo maana hili wengi tunalifanya. Ile chupa ya amoksi ya unga, unaweka maji yaliyochemka yakapoa mpaka kwenye alama, unatikisa, inakuwa ya pinki na inanukia kama bigijii. Mtoto anakunywa siku tatu, homa inashuka, chupa inarudi kwenye mlango wa friji. Wiki tatu baadae dada yake anakohoa, chupa inatolewa. Ikiisha mtu anatumwa duka la dawa, anasema nipe ya kikohozi cha mtoto, anapewa, hakuna cheti hakuna swali. Mara mbili kati ya hizo sita hakupewa amoksi bali zile kali zaidi, maana muuza duka alisema amoksi siku hizi haifanyi kazi.

Operesheni, maziwa ya kopo, antibayotiki, vyote vitatu vinagusa bakteria wa utumboni. Mtoto anayepita njia ya kawaida anaokota bakteria wa mama wakati anazaliwa, wa operesheni miezi ya mwanzo anakuwa na wengine, zaidi wa ngozi na wa mazingira ya hospitali. Maziwa ya mama yana aina ya sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya hata kidogo, kazi yake kubwa mle ni kulisha bifidobakteria. Yaani mama ananyonyesha viumbe wawili kwa mpigo, mtoto na wapangaji wake. Antibayotiki nayo ikiingia haichagui, inapiga mdudu wa kifua na inapiga hao wapangaji.

Mama aliposikia hivo machozi yakaanza kumlenga, akasema kwa hiyo mimi ndo nimemharibu. Hapana. Operesheni ilifanyika kwa sababu mapigo ya moyo ya mtoto yalikuwa yanashuka, bila operesheni tusingekuwa na mtoto wa kumjadili. Na watoto wangapi wamezaliwa kwa operesheni, wamekunywa kopo, na leo mbavu unazihesabu? Wa kwanza ni dada yake mwenyewe, miaka kumi, operesheni vilevile, chupa ya friji vilevile, mwembamba kama ufito.

Kwa hiyo hiyo nusu ya ukweli ni ipi? Inatoka kwenye panya. Mwaka 2004 kule St. Louis Marekani, maabara ya Jeffrey Gordon walichukua panya waliolelewa bila bakteria hata mmoja, wakawapa bakteria wa panya wa kawaida. Ndani ya wiki mbili mafuta ya mwilini yakapanda kama asilimia 60, na walikuwa wanakula kidogo kuliko mwanzo. Mwaka 2006 maabara hiyo hiyo ikaonyesha ukiwapa panya hao bakteria wa panya mnene wanaongeza mafuta zaidi kuliko ukiwapa wa panya mwembamba. Hapo dunia ikasimama, na biashara ikaanza. Sababu zenyewe zinaeleweka: wapo bakteria wanaovunja mabaki ya chakula ambayo sisi hatuwezi, wanatoa asidi ndogondogo za mafuta kama asetati na butireti, mwili unazifyonza, ni kalori. Lakini asidi hizo hizo zinauambia utumbo utoe homoni za shibe, na butireti ndo chakula cha ukuta wa utumbo mpana wenyewe. Ukuta ukidhoofika vipande vya maganda ya bakteria vinapenya kuingia kwenye damu, mwili unakaa kama una vita vidogo visivyoisha, na vita hivyo vinachangia insulini kutosikika. Rudi kwenye ile shingo.

Ila jaribio ambalo muuzaji hakulisema ni la mwaka 2013, maabara ile ile, na mimi ndo nalipenda kuliko yote. Walichukua mapacha wa kike, mmoja mnene mmoja mwembamba, choo cha kila mmoja wakampandikizia panya asiye na bakteria. Panya wa pacha mnene akanenepa zaidi, sawa. Kisha wakawaweka panya wa pande mbili kwenye kizimba kimoja, na panya bwana wana tabia ya kula mavi ya mwenzao, bakteria wa mwembamba wakahamia kwa mwenzake na wakamzuia asinenepe. Safi sana, mpaka hapo unaweza kuuza vidonge. Sasa wakabadilisha chakula, wakawapa cha mafuta mengi na mboga na matunda kidogo, na bakteria wema wakashindwa kuhamia kabisa. Walikuwepo kizimbani, njia ilikuwepo, lakini huko walikokwenda hawakukuta chakula chao.

Nilimwambia mama hivi: hata kama kile kidonge kina bakteria bora kuliko wote duniani, unawapeleka kwenye nyumba ambayo jikoni hamna kitu. Akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Tukaingia jikoni kwenyewe basi. Nikamwambia nitajie jana, sio kwa kawaida anakula nini, jana. Asubuhi chai ya maziwa vijiko vitatu vya sukari na maandazi mawili. Kwenye begi la shule juisi ya boksi na biskuti. Mchana shuleni wali na maharage, maharage anayaacha. Kurudi, juisi nyingine mbele ya TV na chipsi kavu za hapo nje. Jioni chai tena vijiko vitatu. Usiku ugali wa sembe na nyama, mboga anasogeza pembeni. Basi la shule linamchukua mlangoni na kumrudisha mlangoni. Dada yake anasoma shule nyingine, anatembea dakika ishirini na tano kwenda na ishirini na tano kurudi, na juisi haipendi, hiyo ni bahati yake tu.

Boksi la juisi mama alikuwa nalo kwenye mkoba, tukasoma pamoja: mililita 250, gramu 28 za sukari. Maboksi mawili gramu 56. Chai mbili za vijiko vitatu, kijiko nakipa gramu 4, jumla 24. Tumefika gramu 80 kabla hatujagusa andazi wala biskuti, ni kalori 320. Nikamwekea sukari kwenye sahani ya mezani kwangu, kijiko kimoja kimoja mpaka ishirini. Mtoto alikuwa wa kwanza kushtuka, akasema mama hiyo si ya bibi ya wiki nzima.

Sasa linganisha. Watafiti waliwahi kulisha watu wembamba na wanene chakula kilichopimwa na kupima kalori zilizobaki kwenye choo, matokeo yalitoka 2011, na waliona firmikutesi wakiongezeka kwa asilimia 20 huambatana na kalori kama 150 zaidi kufyonzwa kwa siku. Sio kidogo. Lakini juisi na chai peke yake ni mara mbili yake, na sukari ya juisi sehemu kubwa inafyonzwa juu huko kwenye utumbo mwembamba kabla haijawafikia wapangaji wengi wa chini. Kwa hiyo ukimwaga juisi tumboni unamnenepesha mtoto na bakteria wake wanalala njaa, na wakilala njaa wengine wanaanza kutafuna ute unaolinda ukuta wa utumbo.

Nirudi kwenye ripoti maana mama alitaka jibu la mistari myekundu. Ile hesabu ya firmikutesi kwa bakteroidetesi ilitoka kwenye tafiti za mwanzo zenye watu wachache, moja ya 2006 ilikuwa na watu wanene 12 tu. Mwaka 2016 watafiti wawili walirundika data za tafiti kumi pamoja, uhusiano na unene ukawa dhaifu, yaani huwezi kuangalia choo cha mtu ukamtaja huyu mnene huyu mwembamba ukawa na uhakika. Na ule wekundu wa bifidobakteria CHINI ndo ulinichekesha, maana Wahadza wetu wa Ziwa Eyasi walipopimwa, utafiti wa 2014, watu wazima wao hawakukutwa na bifidobakteria kabisa. Sifuri. Na ni watu wembamba, wanatembea kutwa, wanakula mizizi, ubuyu, matunda ya porini, nyama na asali. Mhadza akituma kikopo chake kwa huyu muuzaji nadhani angeambiwa anunue dozi ya mwaka.

Kuhusu antibayotiki pia nilikuwa mkweli kwake. Wafugaji wa Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 walijua ukichanganya antibayotiki kidogo kwenye chakula cha kuku anakua haraka, kwa hiyo wazo lenyewe ni la zamani. Kwa watoto, utafiti wa Philadelphia wa 2014 uliofuatilia watoto 64,580 uliona waliopewa zile kali mara nne au zaidi kabla ya miaka miwili walikuwa na uwezekano mkubwa kidogo wa kunenepa, kama asilimia 16 juu ya wenzao, na amoksi ya kawaida haikukutwa na kosa. Mwaka 2016 ukaja mwingine wa watoto zaidi ya 38,000 kuhusu dawa za miezi sita ya mwanzo, haukuona tofauti ya maana. Kwa hiyo chupa ya friji nimeikataa, lakini sikuikataa kwa sababu ya kilo 33. Niliikataa kwa sababu siku mtoto akipata nimonia ya kweli tunataka dawa imsikie.

Swali la mwisho la mama lilikuwa zito, kasikia kuna watu wanapandikiziwa choo cha watu wembamba. Ni kweli wapo. New Zealand walifanya kwa vijana wanene 87 wa miaka 14 mpaka 18, nusu wakapewa vidonge 28 vyenye bakteria wa watu wembamba wenye afya, nusu vidonge hewa. Matokeo ya 2020: uzito kwa urefu haukupungua kuliko wa vidonge hewa. Kulikuwa na nafuu fulani kwenye mafuta ya tumboni, ndo maana wanasayansi hawajakata tamaa, lakini kama choo kizima cha mtu mwembamba hakikushusha kilo, vidonge vya WhatsApp vyenye aina tatu za bakteria vitafanya nini? Dozi ya pili haikununuliwa.

Tulichofanya hakina mvuto wa kuandikwa kwenye ripoti ya kung'aa. Juisi ya boksi ikatoka, akapewa chungwa lenyewe na chupa ya maji. Sukari ya chai tulishusha kijiko kimoja kila wiki mbili, ukiitoa ghafla mtoto anagoma na bibi anamuonea huruma. Sembe ikachanganywa na dona, nusu kwa nusu. Maharage ndo vita vilikuwa vikali, hakutaka kuyaona, mpaka mama akaanza kuyaponda na kuyaunga na nazi kidogo akala bila kujua, siku nyingine kunde, siku nyingine kisamvu. Nyuzinyuzi za hivyo vitu ndo chakula cha wapangaji. Mtindi usio na sukari, na togwa ya bibi. Kiporo cha viazi au cha ugali pia kinasaidia kidogo, wanga ukipoa sehemu yake inakuwa ngumu kumeng'enywa na inafika chini, ila kiwe kimekaa kwenye friji na sio kwenye sufuria juu ya jiko tangu jana. Vyakula vya nyumbani navyo sio hadithi za wazee: Moshi wamefanya jaribio na vijana wa kiume, wakabadilishana wiki mbili mbili chakula cha asili cha Kilimanjaro na cha kizungu, waliohamia cha kizungu damu yao ikaonyesha dalili za vile vita vidogo vya mwili nilivyovitaja, waliorudi kwenye kiburu cha ndizi na maharage zikapungua. Na jioni mtoto ashuke basi kituo kimoja kabla, atembee na dada wa kazi.

Mgogoro mkubwa ulikuwa bibi. Alikuja mwenyewe mwezi wa tatu tangu tuanze, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu halafu akaniuliza kwa upole kabisa, kwa nini mnamkondesha mjukuu wangu, mtoto ameitikia chakula nyie mnamnyima. Sikumjibu kwa chati. Nikamuonyesha shingo, nikamuuliza bibi hii umeiona kwa nani mwingine. Akakaa kimya, akasema marehemu babu yake alikuwa nayo. Babu alifariki kwa kisukari. Tangu siku hiyo togwa anapika yeye, japo nasikia uji wa asubuhi bado anautia kijiko cha sukari kwa siri.

Mwezi wa nane tangu tuanze: sentimita 128, kilo 33 na nusu. Mama alisikitika kuona kilo imeongezeka, nikamwambia piga hesabu upya, imetoka 21.5 imefika 20.4, amerefuka sentimita nne na uzito karibu umesimama pale pale. Kwa umri huu mara nyingi ndo tunachotaka. Ule mstari wa unene uliopitiliza bado hajashuka chini yake. Bakteria wake hatukuwapima tena na sijui tungewapima ili iweje, naamini wamebadilika kwa sababu chakula kimebadilika, lakini ukiniuliza nani kafanya kazi kubwa kati ya wao na yale maboksi ya juisi yaliyotoka, mi nitakwambia maboksi.

Shingo imeanza kung'aa pembeni, katikati bado. Shuleni bado wanamwita bonge, hilo mama kaenda kuongea na mwalimu. Tumepangana miezi mitatu ijayo, na nimemwambia aje na bibi.